Walikula Fare Yetu Miaka 18, na Bado Tuliingia Stadi

Kama ulizaliwa Eastlands kati ya 1995 na 2005 na unajiita mtu wa Gor Mahia, hio ushabiki hukuchagua. Ulirithi, tena na madeni yake. Hakuna kikombe cha ligi uliona miaka yako ya kwanza. Kile ulipewa ni risto tu. Buda alikupigia ya Dawo, straika wa 1987, anko akaongeza chumvi, halafu majirani wa Ingwe, hao AFC Leopards, wakakucheka mpaka ukaanza kushuku hizo stori zote ni jaba. Timu ilikuwa imekula fare yenu na simu imezima. Na bado mlivaa kijani mkaenda.

Cheki vile hio miaka ilipita. 1995 Gor inabeba ligi, kikombe cha 12. Fiti. 1996 inaenda kwa Breweries, hao ndio siku hizi tunawaita Tusker. 1997 inaenda kwa Utalii, timu ya chuo cha mahoteli, aki ya nani. 1998 Ingwe, na hio tulimeza bila maji. 1999 na 2000, Tusker tena. 2001 na 2002 Oserian, wasee wa mashamba ya maua huko Naivasha. 2003 mpaka 2005 jeshi wakaikalia, Ulinzi mara 3 mfululizo. 2007 Tusker. 2008 Mathare United, mayut wa mtaa, hao hata tuliwapigia makofi kiasi. 2009 Sofapaka, timu ilikuwa imepanda ligi kuu mwaka huo huo. 2010 Ulinzi, 2011 Tusker, 2012 Tusker. Kila mgeni alifika kwa meza akajipakulia, mwenye nyumba amekaa hapo kando na sahani safi.

Nimeruka 2006 makusudi. 2006 ilikuwa SoNy Sugar, timu ya kampuni ya sukari ya Awendo. Awendo, manze! Hapo ni Migori, hapo ni ocha ya nusu ya watu wanajaza terrace ya Gor. Yani ligi ilirudi nyumbani kabisa, ikapiga hodi kwa mlango wa jirani. Mokoro wengine wa mtaa mpaka leo ukitaja hio mwaka wanageuza stori wanakuuliza kama umekula.

Mbona ilikauka hivo? Si uchawi, hata kama jina la timu limetoka kwa jabilo mkali wa Kanyamwa, msee ambaye huko Homa Bay bado wanabonga juu yake na heshima. Ilikuwa ni ofisi. Maofficial walikuwa wanapigania kiti kuliko straika anapigania boli, wachezaji hawalipwi, sponsa akichungulia anaona ngori anaingia mitini. Na si Gor peke yake, boli yote ya Kenya ilikuwa imechafuka. Kuna time ligi iligawanyika, ikawa ngumu hata kujua bingwa ni nani. FIFA wakatufungia 2004, wakarudia 2006. Wakati huohuo kwa kila kibanda cha mabati kulikuwa na skrini inaonyesha Arsenal na Man U, ishirini bob unaketi kwa benchi, hakuna mawe, hakuna karao. Nani angeacha hio aende City Stadium kuona nil-nil ya watu wenye njaa?

Wachache walienda. Na hao ndio nataka kuongea juu yao, juu kile watu husema ati Gor ilirudi wakati ilishinda ligi 2013 si ukweli. Ilirudi kwa terrace kwanza. Kikombe kilikuja kikapata tumefika kitambo, tumekalia viti, sauti zimeisha.

Kuna mzee mmoja Kaloleni, hapo tu mkabala na stadi ukivuka Jogoo Road. Alikuwa Kasarani Desemba 1987. Kama hujui hio stori, basi ni hivi: fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, Gor na Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kwao Tunis, 2–2. Ya pili hapa Kasarani, stadi mpya kabisa, ilikuwa imefunguliwa huo mwaka juu ya All Africa Games. Ikaisha 1–1, Gor ikabeba kwa magoli ya ugenini. Hakuna timu ingine ya Kenya imewahi kuleta kikombe cha Afrika kama hicho. Peter Dawo ndio alikuwa anafunga kila mahali hio mwaka, Austin Oduor akiwa kapteni, kochi ni mzungu anaitwa Jack Johnson. Huyo mzee anakupatia kikosi chote na majina ya msimbo bila kupumua. Hata reserve anajua.

Ukimsalimia unasema, "Mzee, shikamoo," yeye anacheka, anasema hio ni ya watu wa pwani, "sema oyawore, omera." Kisha anakupima na macho kutoka kichwa mpaka njumu.

"Hii jezi umevaa umelipia pesa ngapi?"

"Thao moja na soo mbili, mzee."

"Na Dawo unamjua?"

"Namjua."

"Unamjua wapi na ulikuwa hujazaliwa?"

Hapo huwa tunanyamaza. Juu ni ukweli. Sisi tulikuwa tunavaa sifa ya watu wengine. Kila mechi ya msoto tulikuwa tunaenda na 1987 kama kitambulisho, ukiguswa unatoa. Ingwe wakikugonga, unasema 1987. Thika United ikikutoa jasho, 1987. Ilifika mahali mayut wa timu zingine wakituona wanatuimbia hio mwaka wenyewe kabla hatujafungua mdomo.

Sasa, kitu ilibadilika mwisho mwisho wa hizo 2000s. SuperSport walianza kuonyesha ligi yetu live, na ghafla ile terrace ikawa na kamera. Usidharau hio. Mtoi wa Jericho akijua shingo yake inaeza onekana kwa TV mpaka Kisumu, anapaka rangi uso mzima. Ofisini Ambrose Rachier akashika uenyekiti 2008, na hata kama tumekosana naye mara mob, angalau makelele ya viti ilipungua. Halafu kulikuwa na mbogi ya mayut, wengi hawana wera ya maana, wikendi hakuna kitu, wakaamua stadi ndio base. Hawakungoja timu ikue poa. Walienda wakaifanya ikue na kelele kwanza.

Hebu nikuonyeshe siku ya mechi ya City Stadium ilivyokuwa, juu hio ndio chuo ilitufunza. Saa tano asubuhi, mechi ni saa tisa. Kaloleni pale kwa miti, ngoma inawekwa juani ili ngozi ikaze. Kuna msee kazi yake ni hio tu, anaigonga na kidole, anaskiza, anairudisha jua. Mwingine anakoroga rangi kwa mkebe wa Kimbo, kijani na nyeupe, anakupaka na sponji ya sahani. Vuvuzela zimefungwa na kamba za viatu. Mtu wa smokie anasukuma kamkokoteni chake karibu juu anajua hao watu watatoka hapo na njaa. Mandazi kwa karatasi. Kuna msee amebeba jeneza la mbao, dogo tu, ameandika jina la timu ya wapinzani juu. Saa saba ngoma inalia, na bila mtu yeyote kutoa amri watu wanaanza kusonga, wanaingia Jogoo Road, mat zinapiga honi, makanga wananing'inia mlangoni wanacheza shingo, wengine wanatukana. Kutoka Kaloleni mpaka geti ni hatua chache tu, lakini tulikuwa tunaifanya ichukue saa nzima.

Geti ilikuwa rwabe kwa terrace. Rwabe si pesa kidogo kwa mtu wa mjengo. Kwa hivyo ile kitu ya watoi, wanasimama hapo nje kama kumi hivi, akipita msee na tiketi, mmoja anamshika mkono, "buda, niingie na wewe," na karani wa geti anajifanya haoni. Wengi wetu tuliingia hivo. Ndani nyasi ni bandia, zile za plastiki, jua ikiwaka unaona wachezaji wanaruka kama wamekanyaga jiko. Harufu ya nyama inatoka soko ya Burma pale nyuma. Na boli yenyewe? Miaka ingine ilikuwa boli mbaya sana, walai. Lakini dakika ya 60 ikifika tumenyamaza kidogo, ngoma inarudi, na unaona difenda wa timu ingine, wa kampuni kubwa na mshahara kila mwezi, miguu inaanza kutetemeka. Hapo ndio nilijua sisi ni wachezaji pia.

Na kuna kacheko hapo. 2019 mchezaji wa zamani Joe Kadenge alipoaga, kaunti ikaita hio stadi jina lake. Heshima yake tunampa, alikuwa mkali kuliko wote. Lakini Kadenge ni wa Abaluhya, damu ya Ingwe. Kwa hivyo ile nyumba tulilelewa ndani ina picha ya baba ya mashemeji wetu hao wa Ingwe kwa ukuta. Watu wa Gor wamekubaliana bila mkutano wowote kuendelea kuiita City.

2012 ndio ilikuwa mbaya kuliko miaka yote, juu ndio mwaka tulianza kuamini. Kocha Zdravko Logarusic, Mcroatia, alikuwa amekuja na mdomo na mbio, Dan Sserunkuma kutoka Uganda anafunga, jezi ina jina la maziwa kwa kifua. Ikafika siku ya mwisho ya ligi. City imejaa mpaka juu ya ukuta, juu ya miti, juu ya mabati ya jirani. Thika United tu, hao ndio wamebaki. Sare. Huku Tusker wanashinda yao, wanabeba. Nimewahi kuona matanga zenye kelele kuliko vile Jogoo Road ilikuwa hio jioni. Watu wazima wametembea mpaka Makongeni bila kuongea, jezi zimewekwa kwa bega kama taulo.

Hapo ndio mtu wa akili angeacha. Sisi msimu uliofuata tulikuwa wengi zaidi. Sijui nikuelezee aje, labda ni vile ulishakosa kikombe kwa goli moja tu unajua sasa si risto tena, iko karibu, unaiskia harufu. Loga akaondoka, akaja Bobby Williamson, Mskoti ametoka kufundisha Cranes ya Uganda, mtulivu, tumbo mbele, hana maneno mengi. 2013 ikaisha na Gor juu. Ya 13. Miaka 18.

Tao ilikuwa kijani. Moi Avenue haikupitika, wasee wamejaa pale kwa sanamu ya Tom Mboya, wale flamingo wake wa chuma wamekaliwa na mayut, mtu analia mtu anacheka na ni huyo huyo. Nilimuona mzee wa Kaloleni kwa hio umati, na koti yake ya 1987, mimi nikamngoja aanze na Dawo. Hakuanza. Aliniuliza kama najua majina ya wachezaji wa hii timu ya sasa. Nilikuwa najua. Calabar, Musa, Teddy, Rama, Jerry kwa goli, nikamwagia zote. Alinisalimia kwa mkono, kile kitu alikuwa hajawahi fanya.

Baada ya hio, mambo yakaomoka. 2014 tena. 2015 bila kufungwa hata mechi moja, Frank Nuttall kwa benchi, na mbele ni Michael Olunga, comrade wa TUK anatoka darasani anakuja kufunga, pamoja na Meddie Kagere. 2016 Tusker wakapokonya, sawa, hata sisi ni binadamu. 2017, 2018, 2018/19. Kati ya hapo Everton wakakuja Dar, Julai 2017, na Wayne Rooney, amerudi kwao juzi tu, akafunga goli lake la kwanza. Alifunga nani? Sisi! Kutoka mbali, kipa anaangalia tu. Jacques Tuyisenge akasawazisha. Walitushinda 2–1 lakini kuna wasee mtaani wanajivunia lile goli la Rooney kuliko magoli yetu wenyewe, na siwezi walaumu. Halafu Februari 2019, Zamalek ya Misri Kasarani, tukawapatia 4–2. Zamalek! Nilipoteza sauti wiki nzima, mdosi wangu alidhani nina covid kabla covid haijaja.

Hapo ndio jezi iligeuka luku. Zamani ukivaa Gor tao watu wanakupisha wakishika mifuko. Sasa manzi anaivaa na jeans ya kiuno cha juu na njumu nyeupe, anaenda nayo brunch. Kuna mbogi ya wadem wa Umoja wanakata kola, wanaifanya crop, wanashonesha na kitenge mgongoni, bei ni juu kuliko ya duka. Nganya za Rongai na za Umoja zikachorwa kijani, uso wa mchezaji kwa mlango wa nyuma, taa za ndani zinawaka kijani usiku. Marvin za kijani. Watu walioa nazo. Kwa mbogi yetu kuna boy wa Murang'a, mama yake hajui neno moja la Kijaluo, na ndio anaongoza ngoma. Alienda ruracio yake na jezi ndani ya suti, akafungua vifungo viwili wakati wa picha. Wazee wa pande zote walikasirika kwa wakati mmoja, hio ndio mara ya kwanza waliskizana siku hio. Ukiuliza hao watu juu ya kabila wanakucheki kama umewatusi. Timu ilianza Luo Union na Luo Stars kuungana 1968, hio hakuna mtu anakataa. Lakini msoto ulichuja. Wale walibaki hawakubaki juu ya ukoo, walibaki juu walikuwa hapo.

Soko pia iliskia. Gikomba na Kamukunji zikajaa feki, kijani inayotoka ukifua mara mbili inakuwa kama mboga iliyolala. Timu inalia ati feki inawaibia. Ni ukweli, inawaibia. Lakini kwa miaka hio yote hakukuwa na duka moja la maana la timu mahali mtu wa mtaa angefika. Mtu anataka kukupatia pesa, umemwacha atafute jezi kwa mkokoteni. Hio lawama ni ya nani?

Sasa niseme ile kitu hatupendi kusema. Hii sifa yetu ina damu. Oktoba 2010, derby na Ingwe pale Nyayo, watu walikanyagana kwa geti, wengine hawakurudi nyumbani. Walikuwa wameenda kuona boli tu. 2012 Nyayo tena, viti vikang'olewa, mawe, teargas, watoi wanalia. Na kila wikendi ya kawaida kulikuwa na mama wa matunda pale njiani anafunga mapema juu anajua mbogi ikipita ndizi zinatembea. Simu za watu. Vioo vya mat. Kuna wasee walijificha ndani ya kijani wakafanya kazi yao. Sisi wengine tuliona tukaimba zaidi ili tusione. Siku hizi kuna mastewadi wa mafan wenyewe, na mtu akiguswa mfuko mbogi inamshika yenyewe kabla karao hajafika. Si mara zote. Lakini kuna time zamani hakuna mtu angethubutu.

Na ofisi? Ofisi haijawahi kufika mahali terrace ilifika. Hapa ndio mimi huwaka. Sponsa wetu SportPesa walipotoka juu ya vita yao na gava ya ushuru, ikaonekana wazi timu yote ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja wa kukopwa. Ligi ya 2019/20 ikakatwa na corona, tukapewa kikombe cha 19. Halafu mishahara ikakatika. Wachezaji wakaenda mmoja mmoja. Desemba 2020 timu ikafika Algiers imechoka na safari, CR Belouizdad wakaiosha 6–0. Tukaanza kuchangishana, soo hapa, finje pale, kwa simu, mtu wa mjengo anatumia timu pesa ya lunch. Julai 2021 tuligonga Ingwe kwa penalti fainali ya kombe la shirikisho, na hata ile furaha ilikuwa na harufu ya deni.

2022/23 akaja kocha Johnathan McKinstry, kijana wa Ireland ya Kaskazini, na Benson Omala, mtoto wa Kisumu, anafunga kama anadaiwa. Tuseme ukweli, hio ligi ilinirudisha mahali 2012 iliniacha. Siku ya mwisho tena. Tusker tena wako shingoni. Safari hii ni Kasarani, na mbele ni Nairobi City Stars. Tukawanyoa 4–1. Ya 20. Watu wa umri wangu walikuwa wanaangaliana badala ya kuangalia boli, kila mtu anakumbuka Thika United na hataki kuitaja.

Halafu ofisi ikafanya ile kitu. Bingwa wa Kenya hakuenda Afrika. CAF wanataka leseni, na leseni inataka uwe umelipa wachezaji wako, na madeni ya wasee waliocheza na kuondoka yalikuwa bado. Hivo tu. Timu iliyobeba Kombe la Washindi 1987 ilikosa Champions League ya 2023/24 juu ya karatasi na mishahara. Hakuna refa wa kulaumu, hakuna mchawi. Mayut walichanga, walitembea, walilipa rwabe kila wiki, waliingia na watoi mkononi, na hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kusimama akaonyesha hio rwabe ilienda wapi. Nimeskia watu wakisema fan wa kweli haulizi. Huyo aliyesema hivo nataka aniambie, kama si sisi kuuliza, ni nani? Tuliuliza hapo 2000s timu ikiwa chini, tukaambiwa tungoje kikombe. Vikombe vilifika 21 na ile ya 2023/24. Tunauliza sasa.

2024/25 ligi ilienda kwa Kenya Police, yao ya kwanza kabisa. Karao! Wale walikuwa wanatufukuza na teargas Jogoo Road sasa wanatufukuza kwa jedwali pia. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Lakini unajua nini, hakuna mtu wa mtaa aliweka jezi kwa sanduku. Kukosa mwaka mmoja ni kama mvua kwa msee aliyelala nje miaka 18.

Kwa hao mashemeji sasa, wacha niseme jambo moja na mtu wa Ingwe asinikate. Ligi yao ya mwisho ni 1998. Walishuka daraja, wakapanda, na mpaka Police wanabeba 2025 walikuwa wamefikisha miaka 27. 27! Wametupita. Ile rekodi ya kusota tulidhani ni yetu milele. Jirani yangu wa juu ni mtu wa Ingwe, jumapili anatoka na isikuti kwa bega, binti yake wa miaka kama saba amevaa jezi ya buluu na nyeupe inamfika magoti. Huyo mtoi hajaona kitu. Anajua tu risto. Juzi aliniuliza kwa ngazi kama ni ukweli ati Ingwe ilikuwa inatugonga kila wakati.

Nikamwambia aulize baba yake kuhusu 1987.

"Baba amesema nikuulize wewe kuhusu 1998," akajibu, na akakimbia juu kabla sijajipanga.

Derby ikitangazwa tutaenda wote na mat moja, kama kawaida, tugawanyike tu kwa geti. Baba yake ameniomba nimshikie mtoi mkono upande wao juu yeye atakuwa amebeba ngoma. Nimekataa. Mtu akiniona nikiingia geti ya buluu sitaishi tena hii mtaa. Labda yeye alete ngoma upande wetu, nimpe kiti.